Keratokonasi: Kioo cha Jicho Kinapochongoka

Mwaka 2019 Stephen Curry, mchezaji wa mpira wa kikapu anayesifika duniani kwa kulenga kutoka mbali, alisema hadharani kwamba ana ugonjwa wa macho uitwao keratokonasi na kwamba ameanza kuvaa lenzi, zile zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe badala ya miwani. Mtu anayelenga vile, kumbe haoni vizuri! Wanaoishi na ugonjwa huu wala hawakushangaa. Wao wanajua jinsi mtu anavyoweza kukunja uso na kubana kope miaka nenda miaka rudi, akibadilisha miwani kila mara, na bado akaambiwa macho yake hayana tatizo kubwa.

Anayelisikia jina hili kwa mara ya kwanza chumbani kwa daktari hutoka na maswali mengi kuliko aliyoingia nayo. Nitapofuka? Kwa nini miwani hainisaidii? Nikivaa lenzi nitapona? Ile tiba ya mionzi si ndiyo inayoondoa miwani? Majibu anayoyapata kwa jamaa na mitandaoni hugongana, na nadhani yanagongana kwa sababu moja: kuna kazi mbili hapa, na watu wanazichanganya. Kazi ya kwanza ni kuuzuia ugonjwa usisonge mbele. Ya pili ni kumwezesha mgonjwa kuona leo. Kinachofanya kazi ya kwanza hakifanyi ya pili, na cha pili hakifanyi ya kwanza. Anayeelewa hilo hatashangaa daktari akimpa tiba kisha akamwambia aendelee kuvaa miwani.

Tuanze na jicho lenyewe.

Kioo cha nusu milimita

Mtazame mtu kwa ubavu, karibu kabisa. Mbele ya ile duara yenye rangi utaona kitu angavu kilichobinuka kama kioo cha saa. Hiyo ndiyo konea. Katikati ina unene wa takriban nusu milimita tu, lakini inabeba mzigo mkubwa. Wengi tunadhani lenzi iliyo ndani ya jicho ndiyo inayokusanya mwanga, ilhali karibu theluthi mbili za kazi ya kuupinda mwanga ili ukutane mahali pamoja hufanywa na konea. Kwa hiyo umbo lake likiharibika kidogo tu, unachokiona huharibika sana.

Nguvu ya konea inatoka kwenye nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikana. Katika keratokonasi mshikamano huo hulegea. Sehemu moja ya konea, mara nyingi chini kidogo ya katikati, huwa nyembamba na laini kuliko nyingine. Umewahi kuona tairi lililotoa uvimbe ubavuni? Upepo uliomo haujazidi. Ukuta wa tairi ndio uliochoka mahali pamoja, na upepo uleule wa kila siku unausukuma nje. Ndivyo ilivyo hapa. Jicho lina majimaji yanayolisukuma kutoka ndani ili lisisinyae, na pale konea ilipodhoofika, msukumo huo wa kawaida unatosha kuifanya ichomoze. Badala ya kubinuka kama mpira, inachongoka kama pia anayochezea mtoto. Jina lenyewe linasema hivyo: neno la Kigiriki lenye maana ya pembe, ambalo madaktari hulitumia kuitaja konea, limeunganishwa na la Kilatini lenye maana ya pia.

Niseme mapema kwamba hii si presha ya macho. Katika presha ya macho kinachoharibika ni mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na uharibifu huo haurudi. Wala si mtoto wa jicho, ambao ni lenzi ya ndani kuingia ukungu. Katika keratokonasi nyuma ya jicho kwa kawaida ni pazima kabisa. Tatizo liko mlangoni, mwanga unapoingia. Ndiyo maana jibu la swali la kupofuka linatia moyo: ugonjwa huu peke yake haumwingizi mtu katika giza totoro. Unaweza kumshusha uoni hadi ashindwe kusoma, kuendesha gari au kutambua sura ya mtu asipopata msaada, na hilo si dogo, lakini mwanga haupotei.

Kwa nini miwani haitoshi

Karibu kila mtu ameshasikia neno astigmati, na wagonjwa wengi wa keratokonasi waliambiwa mwanzoni kwamba ndiyo wanayo. Si uongo. Katika astigmati ya kawaida konea imebinuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama mgongo wa kijiko, lakini imebinuka kwa mpangilio. Mtengeneza miwani anaujua mpangilio huo, anachonga kioo kinachoufidia, na mtu anaona.

Konea iliyochongoka haina mpangilio. Chukua beseni la maji, tumbukiza sarafu, kisha puliza juu ya maji. Sarafu inavunjikavunjika, inajirudia, inavutika mikia. Hakuna miwani itakayokunyooshea picha hiyo, kwa kuwa kila sehemu ya uso wa maji inaupinda mwanga kivyake. Mgonjwa wa keratokonasi anaona hivyo kila siku: herufi zina vivuli, mwezi umekuwa miezi mitatu, taa za magari usiku zimeota miiba na kumtia kiwi. Jicho moja likizibwa, kivuli cha herufi hubaki palepale. Dalili hiyo ina maana yake, kwa sababu anayeona vitu viwiliviwili kutokana na macho kutoelekea pamoja akiziba jicho moja huona kimoja.

Ugonjwa huanza mara nyingi wakati wa kubalehe au mwanzoni mwa miaka ya ishirini, husonga mbele kwa miaka kadhaa, na kwa wengi hupoa wenyewe wafikapo miaka ya thelathini au arobaini. Hushika macho yote mawili ingawa moja hutangulia, na hapo ndipo unapojificha. Jicho zima humbebea mwenzake mzigo. Kijana anaendelea na masomo bila kushtuka, hadi siku anapofunga jicho zima kwa bahati tu na kugundua kwamba lile lingine limebaki jina.

Nadhani hiki ndicho kisa cha kusikitisha zaidi katika ugonjwa mzima. Miaka ya mwanzo, ambayo ndiyo yenye faida kubwa ya kuuzuia, ndiyo miaka ambayo mtu anazungushwa na miwani. Namba inapanda, miwani mipya, miezi sita baadaye imechoka. Kupima kwa kusoma herufi ukutani hakuoni keratokonasi changa. Kinachoiona ni ramani ya konea: mashine inayopima mbinuko na unene wa konea nukta kwa nukta na kutoa picha yenye rangi, nyekundu palipochongoka, buluu palipo bapa. Haigusi jicho, haiumi, ni dakika chache. Mtu aliye chini ya miaka 30 ambaye astigmati yake inabadilika mwaka hadi mwaka, au ambaye kwa miwani mipya bado hafiki mstari anaostahili kusoma, ana haki ya kuuliza: konea yangu imepimwa?

Ramani hizo ndizo zilizobadilisha hata hesabu ya wagonjwa. Utafiti wa jimbo la Minnesota, Marekani, uliochapishwa mwaka 1986 ulikadiria mgonjwa mmoja katika kila watu 2,000 hivi, na namba hiyo ilinakiliwa vitabuni kwa miongo. Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walipiga hesabu wakapata mmoja katika 375. Si lazima ugonjwa uwe umelipuka; wengi walikuwepo tangu zamani, ila hawakuwa wakionekana.

Mikono yako

Chanzo hakijafungika katika neno moja. Urithi unachangia, kwa hiyo mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye keratokonasi apimwe hata kama anaona sawasawa. Watu wenye hali ya Down wamo hatarini zaidi. Lakini kuna jambo moja ambalo mgonjwa analo mikononi, na namaanisha mikononi hasa: kufikicha macho.

Mwenye mzio macho humuwasha. Yakimuwasha, huyafikicha. Wako wanaofikicha kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu, wakizungusha mpaka wasikie raha, na wako wanaolala wamelalia jicho kwenye mkono. Kila mfikicho ni kuikanda konea ambayo tayari ni laini. Daktari Mfaransa Damien Gatinel amefika mahali pa kudai kwamba pasipo kufikicha keratokonasi haipo. Wenzake wengi hawaendi naye umbali huo, lakini sijui daktari wa macho anayebisha kwamba kufikicha kunaharibu.

Kumwambia mtu aache kufikicha bila kutibu muwasho ni sawa na kumkataza kukohoa. Mzio wenyewe utibiwe: kitambaa baridi juu ya kope, matone ya machozi ya dukani yasiyo na kihifadhi, na matone ya mzio aliyoandikiwa na daktari. Tahadhari ipo kwenye matone yenye steroidi. Hutuliza muwasho haraka mno, na kwa sababu hiyo watu hujinunulia chupa baada ya chupa. Yakitumiwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho, na hapo mgonjwa amekimbia tatizo la mlangoni akakaribisha la sebuleni.

Simu haisababishi keratokonasi. Kusoma kwenye mwanga hafifu hakuisababishi. Kulia hakuisababishi. Wala haiambukizi.

Kazi ya kwanza: kuuzuia

Hadi miaka ya 1990 madaktari hawakuwa na kitu cha kuuzuia ugonjwa huu. Walisubiri. Ukitulia, vizuri, ukifika pabaya, wanapandikiza konea. Ndipo watafiti wa Dresden, Ujerumani, akiwemo Theo Seiler, Eberhard Spoerl na Gregor Wollensak, walipoanza kujiuliza kama konea inaweza kukazwa. Mwaka 2003 walichapisha matokeo ya wagonjwa wao wa kwanza, na mwaka 2016 tiba hiyo ikaidhinishwa Marekani. Kliniki nyingi huiita krosilinki.

Fikiria fundi wa zege. Nondo zake zimesimama wima, lakini hazijafungwa waya, kwa hiyo ukizisukuma zinayumba. Anapita na waya akifunga kila zinapokutana, na nondo zilezile, bila kuongeza hata moja, zinakuwa kitu kimoja kigumu. Krosilinki inafunga nyuzi za kolajeni kwa namna hiyo. Jicho hutiwa matone ya ganzi, ngozi nyembamba ya juu ya konea huondolewa, kisha hudondoshewa riboflavini, yaani vitamini B2 ileile, hadi konea iloe. Halafu humulikwa taa ya mionzi ya urujuanimno. Mionzi ikikutana na riboflavini, viungo vipya huundwa kati ya nyuzi. Kwa utaratibu wa awali wa Dresden ni nusu saa ya matone na nusu saa ya taa. Siku hizi kuna taratibu fupi zaidi. Konea ikiwa nyembamba mno, kwa kipimo cha kawaida chini ya maikroni 400 (milimita 0.4), utaratibu lazima ubadilishwe, kwa sababu mionzi inaweza kufika ndani na kuua chembe ambazo hazioti tena.

Siku mbili tatu za kwanza zinauma, na yeyote anayekuambia vinginevyo hajafanyiwa. Lenzi laini huwekwa kama bandeji hadi ngozi iote. Uoni hushuka kwanza, ukungu hukaa wiki au miezi, kisha hurudi polepole.

Hapa ndipo manung'uniko mengi yanapozaliwa. Mtu amevumilia maumivu, miezi mitatu imepita, na bado anavaa miwani. Anasema hakupona. Lakini krosilinki haikuahidi kumwonyesha, iliahidi kumshikilia. Wapo ambao konea hunyooka umbo kidogo na kuona nafuu, lakini hiyo ni nyongeza. Faida yake inaonekana kwa kile ambacho hakikutokea. Uingereza, vijana 60 wa kati ya miaka 10 na 16 waligawanywa kwa kura: wengine walifanyiwa krosilinki, wengine waliendelea na miwani au lenzi tu. Baada ya miezi 18 ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 7 ya waliotibiwa, na kwa asilimia 43 ya wenzao. Kijana ambaye konea yake inabadilika hana sababu ya kuambiwa "tusubiri mwakani". Mtu wa miaka 50 ambaye ramani zake hazijabadilika kwa muongo mzima huenda asiihitaji kabisa.

Kazi ya pili: kuona

Mwanzoni miwani husaidia, au lenzi laini. Ugonjwa ukisonga, zinazofaa ni lenzi ngumu. Lenzi laini hujilaza juu ya konea na kufuata mabonde na vilima vyake, kwa hiyo tatizo linabaki. Ngumu haijikunji. Machozi hujaa kwenye nafasi iliyobaki kati yake na konea, na mwanga unakutana na uso mpya ulio laini. Ni lipu juu ya ukuta uliojaa mashimo: matofali hayajanyooka, ila macho ya mpitaji yanaona ukuta ulionyooka. Kwa konea iliyochongoka sana kuna lenzi pana zinazoegemea weupe wa jicho na kupita juu ya konea bila kuigusa. Zinatisha kwa ukubwa zikiwa kiganjani, lakini watu wengi walioshindwa na lenzi ndogo ngumu huzivaa kutwa bila shida, kwa kuwa weupe wa jicho hauhisi sana.

Imani kwamba lenzi ngumu huirudisha konea ndani kwa kuibana ni ya zamani sana. Mwaka 1888 Mfaransa Eugène Kalt aliwatengenezea wagonjwa wa keratokonasi vigae vya kioo akitumaini hivyohivyo. Wagonjwa waliona vizuri zaidi, na kweli lenzi zimekuwa msaada mkubwa tangu hapo, ila kubana hakuuzuii ugonjwa. Lenzi inayobana ncha ya konea huikwaruza na kuiachia kovu. Ikiuma, irudi kwa aliyeipima; usiizoee.

Lenzi na maji ya bomba havipatani kabisa. Humo mnaweza kuwa na kijidudu kiitwacho akanthamiba, ambacho kikiingia kwenye konea matibabu yake ni ya miezi na yanaumiza. Osha mikono, ikaushe, tumia dawa ya lenzi, zivue kabla ya kuogelea, na usilale nazo.

Baadhi ya wagonjwa huwekewa vipande vya plastiki vyenye umbo la mwezi mwandamo ndani ya unene wa konea ili kuibapisha kidogo. Huwafaa wale ambao lenzi zimewashinda na ambao konea yao bado ina unene na haina kovu katikati. Kuhusu upasuaji wa leza wa kuondoa miwani, wenye keratokonasi wakae nao mbali. Upasuaji huo hufanya kazi kwa kuchonga konea, na hii tayari ni nyembamba. Kliniki inayokubali kufanya leza hiyo bila kupima ramani ya konea kwanza ikimbie.

Ikifika kupandikiza

Wachache hufika huko, hasa wenye kovu katikati ya konea au wasioweza kuvaa lenzi yoyote. Mwaka 1905 daktari Eduard Zirm wa Olomouc, mji ulio katika Jamhuri ya Cheki ya leo, alipandikiza konea ya mtu kwa mtu na ikashika. Mgonjwa wake alikuwa ameunguzwa macho na chokaa. Konea haina mishipa ya damu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kwamba mwili unaivumilia ya mtu mwingine kuliko unavyovumilia figo. Katika upasuaji huu jicho zima halipandikizwi, kinyume na wanavyodhani wengi. Siku hizi, inapowezekana, hubadilishwa tabaka za mbele tu na tabaka la ndani kabisa la mgonjwa mwenyewe huachwa, na hivyo hatari ya kukataliwa hupungua.

Nyuzi za kushonea ni nyembamba kuliko unywele na huweza kukaa zaidi ya mwaka. Uoni hutulia taratibu, na wengi bado watahitaji miwani au lenzi baadaye. Dalili nne zisisubiri kesho: jicho kuwa jekundu, kuchukia mwanga, uoni kushuka, maumivu. Mwili unaweza kuanza kuikataa konea hata miaka kadhaa baada ya upasuaji, na ukiwahiwa mara nyingi hurudi nyuma.

Dharura nyingine inawahusu wasiopandikizwa. Tabaka la ndani la konea iliyochongoka sana linaweza kupasuka, majimaji ya jicho yakaingia, na mtu akaamka jicho lina weupe, linauma, haoni. Hutisha kuliko yote. Aende kwa daktari siku hiyohiyo. Kwa kawaida mpasuko hujifunga wenyewe kwa wiki au miezi, ingawa huacha kovu.

Kwa anayekwenda kupima ramani ya konea huku akivaa lenzi ngumu, aulize kliniki mapema azivue siku ngapi kabla. Lenzi huacha alama ya umbo lake kwenye konea, na mashine itapima alama hiyo badala ya konea. Akishapimwa aombe nakala ya karatasi aiweke pamoja na zile za zamani, hata vyeti vya miwani aliyoiacha. Daktari mpya, katika mji mpya, hawezi kujua kwa ramani moja kama konea inasonga au imetulia.